Gesi Niliyofundisha Kuwa Sumu

Jumapili, 9 Machi. Muleba

Masika yameingia kwa hasira. Nimerudi kutoka misa nimelowa hadi ndani ya viatu, na nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia sebuleni zikinuka unyevu. Kesho nina vipindi viwili na Kidato cha Tatu, oksidi za nitrojeni. Chati iko tayari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefundisha vizuri leo. Niliwaambia kwamba naitriki oksaidi ni gesi isiyo na rangi, inatoka kwenye bomba la moshi la gari, na ikikutana na hewa inageuka taratibu kuwa ile ya kahawia inayochoma koo. Niliwaambia pia kwamba radi huitengeneza angani, kwa sababu cheche yake inalazimisha nitrojeni na oksijeni kuungana. Nje kukanguruma wakati huohuo, darasa zima likacheka. Nikaandika ubaoni SUMU, nikapiga mstari chini yake.

Alhamisi, 13 Machi

Mafua yameenea shuleni. Ukiandika ubaoni huisikii chaki kwa kikohozi.

Jumamosi, 15 Machi. Kimwani

Nimekuja kumwona Mae, mama yetu. Tangu baba afariki anaishi peke yake na kibanja chake cha migomba, na hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu Muleba wala kwa kaka Gozbert mjini Bukoba. Nimemkuta anapalilia maharage chini ya migomba, anakohoa.

"Ni moshi wa kuni," akasema.

"Mae, hukohoi hivyo siku zote."

"Na wewe siku zote huji."

Nimemchemshia tangawizi, nimemwambia aende zahanati Jumatatu. Kasema ataenda akimaliza palizi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kusahihisha majaribio. Mae hapokei simu, nadhani imeisha chaji.

Alhamisi, 20 Machi. Bukoba

Jirani yake Mae, Joviana, alinipigia nikiwa darasani. Kamkuta amekaa mlangoni, midomo ina rangi ya majivu, hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Kituo cha afya wakamwekea oksijeni na kuandika rufaa papo hapo. Gozbert alifunga duka lake la spea za pikipiki, tukakutana hospitali. Njia nzima ndani ya gari la wagonjwa nilishika kidole chake chenye kipimo cha oksijeni, nikiangalia namba kama mtu anayeomba.

Yuko hai. Nimelala kwa Gozbert, Bilele. Yeye hakuja nyumbani, amebaki kwenye benchi la wodini.

Ijumaa, 21 Machi

Lazima niandike mazungumzo ya leo kama yalivyokuwa, maana bado yananizunguka kichwani.

Wodi yenyewe ni ndogo. Mae yuko kitanda cha dirishani. Kitanda cha jirani yupo Ta Kagaruki, fundi cherehani mstaafu wa Kibeta, na mkewe Ma Hellen anayemlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimwimbia nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini. Walutheri. Alitusalimia kwa Kihaya kana kwamba tumefika sebuleni kwake.

Daktari wa utafiti anaitwa Annastella Kyaruzi. Ni mrefu, anaongea haraka, na anapoongea nawe macho yake yako kwa mgonjwa. Sikumpenda.

"Mama yenu ana influenza," alisema. "Imeshuka mapafu yote mawili. Anapata oksijeni, anapata dawa ya virusi, na antibayotiki endapo kuna bakteria wamejiunga. Hayo atayapata hata mkigombana nami. Kuna jambo la pili, na hilo ni hiari."

Wanajaribu kuwavutisha wagonjwa gesi fulani, muda mfupi mara kadhaa kwa siku, waone kama inayasaidia mapafu yaliyoumizwa na virusi.

"Gesi gani?" nikauliza.

"Naitriki oksaidi."

Nilisimama. "Daktari, mimi nafundisha kemia. Hiyo ni sumu."

"Ndiyo maana tunaipima muda wote."

Gozbert akauliza kama si ile inayomchekesha mtu kwa daktari wa meno. "Hiyo ni ndugu yake," Daktari akamjibu. "Hii haimchekeshi mtu." Kisha kwa mara ya kwanza akaniangalia mimi. "Mwalimu, wewe mwenyewe unaitengeneza sasa hivi. Ndani ya pua. Kwenye kuta za mishipa yako ya damu. Kidogo sana, lakini bila hiyo mishipa yako isingejua kulegea."

Sikuwa najua. Miaka yote nimefundisha gesi hiyo, na sikujua kwamba iko puani mwangu.

Akachora mapafu nyuma ya boksi la glavu. Sehemu za chini za Mae zimejaa majimaji, damu inapita huko na kutoka bure, haijabeba chochote. Gesi ikivutwa inafika tu pale ambapo hewa bado inafika. Mishipa ya pale inafunguka, na damu inavutwa kwenda upande wenye hewa.

"Na virusi?"

"Maabara inaonyesha inavizuia baadhi visizaliane. Lakini maabara si kitanda. Tena mwili wenyewe ukipambana na virusi unaweza kuimwaga kwa wingi mno, hapo inaunguza mapafu yaleyale. Na ikizidi kwenye damu, damu inashindwa kubeba oksijeni."

"Kwa hiyo inasaidia au inaua?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Ningejua ningempa tu, nisingefanya utafiti."

Halafu ndipo akasema lile lililomfanya Gozbert apandishe sauti hadi nesi akaja. Wote wanaokubali wanafungiwa mashine ileile, kisanduku kinachotengeneza gesi kutoka hewa ya chumbani kwa cheche ya umeme. Lakini nusu yao wanapata gesi na nusu wanapata hewa ya kawaida, na kompyuta ndiyo inayogawa. Kuna mtu mmoja tu wa mitambo anayejua nani kapata nini. Daktari mwenyewe hajui.

"Unacheza bahati nasibu na mama yangu?" Gozbert alisema.

"Kaka, nikichagua mwenyewe nitawapa wale ninaoona watapona, halafu nitajisifu kwamba ni gesi."

Alisema hivyo akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jeuri.

Jumamosi, 22 Machi

Tulikuwa tumeamua kukataa. Mae akatusikia.

Akataka aelezwe kwa Kihaya, nikamweleza, nikipumzika kila alipokohoa. Nilipofika kwenye cheche akanishika mkono.

"Kama radi?"

"Kama radi, Mae. Ndogo."

"Radi iliua ng'ombe wa baba yenu." Akavuta pumzi chache. "Wakimaliza, watajua kama inafaa?"

"Peke yako hapana. Wakipata watu wengi, labda."

"Huyo binti amesema hajui?"

"Amesema hajui."

"Basi ni mkweli. Nakubali. Mimi, si ninyi."

Gozbert alitoka nje, akarudi macho mekundu. Mae aliandika jina lake lote, Gaudiosa na la ukoo, herufi kubwa, polepole, akakataa kushikwa mkono.

Jumatatu, 24 Machi

Kisanduku kinavuma kama friji. Mae anavaa barakoa, anafumba macho. Nesi Riyadhi, kijana wa makini, anapima hewa ya mashine na damu yake bila kuacha. Amefunga, anafanya kazi zamu nzima bila hata tone la maji, na hajanuna hata mara moja.

Ma Hellen kaniambia Ta Kagaruki naye yumo kwenye utafiti. Sote wawili tukatazama visanduku vyetu.

Jumatano, 26 Machi. Muleba

Nimerudi kuchukua nguo na kumwomba mkuu wa shule ruhusa zaidi. Kanipa bila maneno mengi.

Jana Gozbert aliniuliza, "Wewe si mtu wa kemia? Huwezi kuipima ile hewa?" Nikasema siwezi. Lakini leo nimeingia maabara na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kabati. Tuna karatasi za wanga na iodidi. Ukizilowesha, gesi ile ya kahawia inazigeuza bluu. Gesi ya Mae ikiponyoka kidogo kwenye barakoa na kukutana na hewa, huenda karatasi ikasema kitu. Huenda isiseme, maana gesi yenyewe ni kidogo mno.

Zimo kwenye pochi yangu.

Alhamisi, 27 Machi. Bukoba

Gozbert aliniona nazo. "Pima," akasema. "Pima sasa hivi, kabla nesi hajarudi."

"Ikibaki nyeupe?"

"Basi wanampa upepo. Namtoa leo, nampeleka Mwanza."

"Akiwa hivi? Hafiki hata Biharamulo."

"Kwa hiyo tukae tu tusijue?"

Mae alikuwa macho. Alishusha barakoa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, lakini tulisikia. "Gozbert. Nimetoa neno langu. Usinivunjie neno langu nikiwa nimelala."

Nilizichana zile karatasi vipande, nikazitia kwenye ndoo ya taka. Nilitamani kupima kuliko Gozbert, na hilo sijamwambia. Ila nilijiuliza, nikishajua nitafanya nini kwa mikono hii ambacho sikifanyi sasa? Sikupata hata kimoja. Kazi iliyopo ni ileile: kumgeuza, kumnywesha, kumsafisha, kuita nesi mapema.

Ijumaa, 28 Machi

Mchana dhoruba ilikuja kutoka ziwani. Radi mfululizo, mabati yakapiga kelele hadi huwezi kusikia mtu. Umeme ukakatika. Mashine ya oksijeni ikanyamaza, na Riyadhi akawa tayari kashika mtungi kabla jenereta haijanguruma. Ilikuwa muda mfupi sana. Lakini oksijeni ya Mae ilishuka, na umeme uliporudi haikupanda tena kama tulivyotegemea.

Daktari Annastella alikuja mbio, koti limelowa. Alisikiliza kifua muda mrefu.

"Alale kifudifudi," akasema. "Mgongo juu. Sehemu za nyuma za mapafu zipate nafasi. Si dakika kumi, ni saa nyingi, kila siku, mpaka nitakaposema basi. Hatapenda. Nesi ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Mtaweza?"

"Tutaweza," nikasema.

Mae hakupenda. Alisema anazama. Alitusukuma, alimwita baba yetu, alimwambia Gozbert si mtoto wake. Tulipanga mito chini ya kifua na nyonga, uso ukiwa pembeni, na kila alipotaka kugeuka Gozbert alipiga magoti sakafuni hadi uso wake ukalingana na wa Mae, akawa anamhadithia. Kahawa ya msimu uliopita. Mbuzi aliyekula daftari lake la darasa la pili. Ndugu yangu huyu ninayemjua kwa kelele tu, leo nimesikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Aliongea hadi ikakauka, kisha nikampokea mimi.

Jioni namba zilipanda kidogo. Daktari aliziangalia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akavua kiatu akamwaga maji ya mvua. Nikaona jinsi alivyochoka. Nikaenda kumletea chai.

Jumamosi, 29 Machi

Kifudifudi. Chali kidogo, kula. Kifudifudi.

Jumapili, 30 Machi

Vilevile. Ma Hellen alishika zamu moja ya Mae ili tukale, mume wake amelala.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Riyadhi alikuja kazini na pilau kwenye hotpoti, akagawia wodi nzima. Mae alikula vijiko viwili, akauliza kwa nini nyama ni kidogo. Gozbert alicheka mpaka akakohoa, tukamtisha kwamba naye atalazwa.

Jumatano, 2 Aprili

Ta Kagaruki amefariki asubuhi.

Juzi alikuwa ameanza kupata nafuu, rangi ilirudi, alimtania Mae kwamba atamshonea gauni la Pasaka. Jana moyo ukaanza kushindwa. Daktari na Riyadhi walimshughulikia hadi Daktari alipoinua kichwa, akamtazama Ma Hellen machoni bila kukwepa, akamwambia kwa Kihaya. Alikaa naye chini sakafuni. Sijui nani alikuwa akimshika mwenzake.

Ma Hellen alikunja shuka za mumewe moja moja. Alipofika kwetu alisema, "Msimwache huyu alale chali, waitu, tafadhali." Akaenda zake.

Niliogopa sana. Tukamgeuza Mae.

Jumanne, 8 Aprili

Leo amelala chali mchana wote na namba hazikushuka. Kisanduku wamekiondoa jana, muda wake umekwisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Ametembea hadi dirishani. Akasema mvua hii itaozesha maharage yake. Nimelia chooni.

Jumatano, 16 Aprili. Muleba

Ameruhusiwa. Amekubali kukaa kwangu hadi Pasaka, na ameniagiza nisizoee.

Ijumaa, 2 Mei

Mae karudi Kimwani. Akipanda mlima anasimama mara nyingi, lakini anapanda. Kila jirani anayekuja Gozbert anamsimulia ile gesi: mama kavuta radi, mama kapona. Wanapiga makofi. Nimemwambia hatujui. Kanijibu, "Wewe hujui. Mimi nilikuwepo."

Jumatano, 14 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Mtihani wa muhula unakaribia, nina deni la vipindi kwa wanafunzi.

Ijumaa, 23 Mei. Bukoba

Wamefunga awamu ya kwanza ya utafiti na kutuita, familia kwa familia, anayetaka kujua aambiwe. Tulienda sote watatu.

Daktari Annastella hakuzunguka. "Ma Gaudiosa, wewe ulipata hewa ya kawaida."

Gozbert alinigeukia. Mae akauliza, "Hewa hii hii?"

"Hii hii."

"Basi nilipona kwa nini?"

"Oksijeni, dawa, watoto wako kukugeuza, na mwili wako. Kila kimoja kilifanya kiasi gani, siwezi kukuambia."

Nikauliza kuhusu wengine. Waliopata gesi, wengi oksijeni yao ilipanda walipokuwa wakiivuta, na haikumdhuru mtu kwa namna waliyoweza kuipima. Lakini waliopona na waliofariki, pande zote mbili, ni karibu sawa. Watu ni wachache mno kusema lolote. Awamu kubwa inaanza Juni.

Mlangoni tukapishana na Ma Hellen, kavaa nguo za msiba. Aliingia. Tulimsubiri nje, hakuna aliyesema twende.

Alipotoka alisema neno moja tu. "Alipewa."

Jumamosi, 24 Mei

Tumeenda kwake Kibeta na mkungu wa ndizi. Cherehani ya marehemu iko barazani, imefunikwa kitambaa.

Mae alikaa kwenye mkeka karibu naye. Muda mrefu walizungumza habari za mashamba tu. Halafu Ma Hellen akanigeukia.

"Mwalimu, wewe unaijua gesi ile. Ndiyo iliyomuua?"

Nilitaka kumwambia hapana. Lingekuwa neno jepesi, na lingemfaa leo. Lakini aliniangalia kama Mae alivyoniangalia siku ile aliposema huyo binti ni mkweli.

"Sijui, Ma. Daktari anadhani ni moyo uliochoshwa na ugonjwa. Wengine walivuta gesi hiyohiyo wakaenda nyumbani. Kwa mtu mmoja huwezi kuona. Hata kwa Mae huwezi kuona."

"Ingekuwa mimi niliyepewa..." Mae akaanza.

"Usiseme hivyo." Ma Hellen alimkatiza, si kwa ukali. "Alifurahi siku zile mbili. Aliongea. Hizo nani alinipa, sijui." Akatengeneza kitambaa juu ya cherehani. "Kwa hiyo wanataka watu wengi zaidi."

"Wengi sana."

"Na watakuja pale mlangoni kama nilivyokuja mimi. Nimepaniki, naambiwa maneno marefu, nikaitikia ndiyo ndiyo kwa nisichokisikia. Mume wangu alikubali kwa sababu mimi nilisema ndiyo. Nataka kuwepo. Niwaambie polepole, kwa lugha yetu. Niwaambie na habari yangu. Wakikataa, wakatae wanajua. Wakikubali vilevile. Huyo daktari atanikubalia?"

"Atakubali," nikasema. "Nitakwenda kuongea naye Jumatatu. Na shule ikifunga nitakaa pale pamoja nawe."

Mae aliniangalia. "Na mimi nikipata pumzi," akasema.

Jumatatu, 9 Juni. Bukoba

Jua kali, anga safi. Shule imefungwa Ijumaa.

Daktari alikubali kwa masharti: tusimshawishi mtu upande wowote, na tukiulizwa tusichokijua tuseme hatukijui. Kamati ya hospitali nayo iliridhia. Wametupa viti karibu na mlango wa wodi, na beji zenye majina yetu.

Kabla ya saa sita alitoka kijana mmoja, dereva wa bodaboda kutoka Kemondo, anaitwa Mwijage. Mkewe yuko ndani, ana homa ya mapafu. Alishika karatasi mkononi, jasho linamtoka, akasimama mbele yetu kwa sababu tulikuwa na beji.

"Wanasema nyie mmepitia hii," akasema. Akamwangalia Ma Hellen. "Mgonjwa wako alipewa ile gesi?"

"Alipewa. Mume wangu."

"Akapona?"

"Hakupona."

Akarudi nyuma hatua. Akanigeukia mimi. "Na wako, Madam?"

"Mama yangu hakupewa. Alipata hewa tu. Amepona."

Nilimwona akijumlisha haraka kichwani, nami nikajua alichokipata, maana mtu yeyote angekipata hicho. Karatasi ikaanza kukunjika mkononi mwake.

"Sasa si jibu ni hilo?" akasema.

Ma Hellen alivuta kiti cha tatu, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti, mwanangu," akamwambia kwa Kihaya. "Mke wako anaitwa nani? Tuanzie kwake."